Mvumo wa umeme wawapotezea wateja wenye studio za nyumbani

KWAYA imeimba vizuri, mpiga kinanda hakukosea na malipo ya awali yamekwishatolewa. Kazi inapochezwa kwenye spika ndipo unaposikika mvumo mzito, usiokatika, chini ya sauti zote. Waimbaji wanapovuta pumzi, unajitokeza waziwazi. Mteja anataka kazi irudiwe, na hasara ni ya mwenye studio.

Wengi waliofungua studio katika chumba kimoja cha nyumba hukimbilia kununua maiki mpya, wakati maiki haina kosa. Wengine hujaribu kuufuta mvumo kwa programu ya kompyuta. Umeme wa Tanzania na nchi jirani una mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo wake huangukia hapo na kwenye 100, eneo lilelile la gitaa la besi na ngoma kubwa. Anayeukata kwa nguvu huondoa na uzito wa muziki.

Mara nyingi chanzo ni vyombo kuwa na njia mbili za kwenda ardhini. Kompyuta imechomekwa ukuta huu, mikisa ukuta ule, kila kimoja kina waya wake wa ethi. Halafu vinaunganishwa tena kwa waya wa sauti. Hapo duara limekamilika. Umeme kidogo hupita kwenye waya wa sauti na spika huutoa kama mvumo.

Kuutafuta hakuhitaji fedha. Vyombo vyote vinachomolewa kwenye spika. Zikinyamaza, vinarudishwa kimoja kimoja mpaka mvumo urudi. Laptop ichunguzwe mapema: ikiendeshwa kwa betri na mvumo ukatoweka, tatizo limepitia kwenye chaja.

Tiba ya kwanza ni kuchomeka vyombo vyote kwenye soketi moja, kwa ekstensheni yenye ethi. Vyombo vya studio ndogo havili umeme mwingi, ilimradi pasi na jiko visichomekwe hapo. Waya za sauti ziwe zenye nyaya tatu ndani, kama za maiki, pale vyombo vinapozikubali, na zisilazwe sambamba na za umeme. Mvumo ukibaki kati ya kinanda na mikisa, kisanduku chenye transfoma ya sauti hukata njia hiyo ya pili.

Ipo dawa ya mitaani: kukata waya wa ethi kwenye plagi. Mvumo hunyamaza kweli, na ndiyo maana dawa hiyo inaenea. Lakini siku chombo kikipata hitilafu ndani, bodi yake ya chuma hubeba umeme bila pa kukimbilia. Mpiga gitaa aliyeshika nyuzi huku midomo ikigusa maiki anaweza kuuawa. Hakuna wimbo wenye thamani hiyo.

Gitaa la umeme lina ugonjwa wake. Pikapu zake hunasa mvumo hewani, hasa karibu na adapta na taa za kupunguzwa mwanga. Mpigaji akigeuka kidogo na mvumo ukapungua, ahamie hapo.

Yote yakishindikana, huenda ethi ya nyumba yenyewe ni mbovu: fimbo imeoza au waya umekatika. Hapo aitwe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aipime, kabla kazi nyingine haijapokewa.