Kilmore Quay na Kisiwa cha Ndege

Kusini-mashariki mwa Ireland, katika jimbo la Wexford, kipo kijiji kidogo cha wavuvi kiitwacho Kilmore Quay. Nyumba zake za kale zimepakwa chokaa na kuezekwa kwa nyasi. Wenyeji wake huishi kwa bahari, na bahari hiyo imewalisha na kuwaliza pia. Miamba iliyojificha chini ya maji imevunja vyombo vingi, hata pwani ile ikaitwa makaburi ya merikebu elfu moja. Kijijini ipo bustani ya kuwakumbuka waliofia majini.

Mbele ya bandari, yapata kilomita 5, vipo visiwa viwili: Saltee Kubwa na Saltee Ndogo. Saltee Kubwa ina eneo la hekta 89 hivi. Gati hakuna. Mashua hutia nanga karibu na ufuko, na abiria huteremkia katika kidau kidogo, wengine wakafika nchi kavu miguu imelowa. Upepo ukivuma vibaya, safari huahirishwa. Duka pia hakuna. Basi msafiri mwenye busara hufunga chakula chake, maji ya kunywa, koti la mvua na viatu imara.

Kisiwa hiki kina historia. Mwaka 1798, baada ya uasi dhidi ya utawala wa Kiingereza kushindwa, viongozi wawili, Bagenal Harvey na John Colclough, walijificha humo pangoni. Walikamatwa, wakanyongwa mjini Wexford. Mwaka 1943 visiwa vilinunuliwa na Michael Neale, ambaye tangu umri wa miaka 10 alikuwa amemwahidi mama yake kuwa siku moja vitakuwa mali yake. Alijiita Mwana wa Mfalme wa Saltee, akajenga kiti cha enzi cha mawe kwa kumbukumbu ya mama huyo. Alifariki mwaka 1998, lakini jamaa zake wangali wanawakaribisha wageni wa mchana, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni. Kulala kisiwani hakuruhusiwi.

Wenyeji hasa ni ndege. Pafini, mwenye mdomo wa rangi kama kasuku, huja nchi kavu wakati wa kuzaa tu. Hutaga yai moja ndani ya shimo ardhini, na kiangazi kinapokwisha huwa amekwisha kurudi baharini. Ganeti ni mkubwa na mweupe. Mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita 2. Huruka juu sana, kisha hujitupa majini kama mkuki kuvua samaki. Ufukoni huonekana sili wa kijivu.

Mgeni aliyetoka nje ya njia aweza kubomoa shimo la pafini kwa hatua moja, na kwa kuwa yai ni moja, uzazi wa mwaka mzima hupotea. Mzazi akishtuliwa na kuacha kiota, membe huja kuiba yai au kinda. Hayo yana uzito zaidi leo, maana mwaka 2022 mafua ya ndege yaliua ganeti wengi katika pwani za Ulaya kaskazini.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Saltee mwenyeji hupona ikiwa mgeni atatazama kwa mbali, atapita njiani, na kurudi na taka zake mwenyewe.