Mlipe fundi apime kwanza

Mteremko wa Kitonga haukubali uzembe wa gari lenye mzigo. Ukitoka Ilula usiku na matenga ya nyanya nyuma, unaushuka kwa gia, si kwa breki, na dereva yeyote wa njia ya Iringa atakwambia hivyo kabla hujamuuliza. Shemeji yangu amezoea mlima ule miaka mingi. Ndiyo maana usiku ule pikapu yake ya otomatiki ilipokataa kushuka gia katikati ya kona, hakuhitaji mtu wa kumweleza kuwa yuko hatarini. Taa ya injini iliwaka, herufi D kwenye dashibodi ikaanza kumeta, gari likang'ang'ania gia moja ya juu. Injini haikumzuia tena. Alibaki na breki ya mguu, harufu ya pedi zinazoungua, na taa za malori kwenye kioo cha nyuma.

Alifika Ruaha Mbuyuni salama, tunamshukuru Mungu. Akazima gari, akasubiri, akawasha: zima kabisa, kama halijawahi kuumwa. Likaenda vizuri hadi karibu na Mikumi, kisha yale yale.

Gereji ya kwanza aliyoingia ilimwambia giaboksi imekufa. Hakuna aliyeshika mita, hakuna aliyechomoa kijiti cha oili kuinusa. Ikanunuliwa giaboksi ya mtumba kwa fedha ya nyanya za msimu mzima, ikafungwa kwa siku mbili. Kabla hajavuka Chalinze, D ikameta tena. Gereji ya pili ikasema tatizo ni kontroli boksi ya gia. Safari hii walipatia, lakini walipatia kwa kubahatisha, na dawa waliyoleta ikaongeza ugonjwa: kontroli boksi iliyong'olewa kwenye gari lililopata ajali, umbo lile lile, soketi ile ile, ila gari lile lilikuwa na injini nyingine na tairi za kimo kingine. Pikapu ikawa inabadili gia kwa kishindo, kama inayopigwa teke kwa nyuma.

Nimekaa kwenye mabenchi ya gereji vya kutosha kujua kwamba kisa hiki si cha shemeji yangu peke yake. Magari yetu yamebadilika kuliko desturi zetu za kuyatengeneza. Giaboksi ya otomatiki ya zamani ilijiamulia yenyewe kwa presha ya mafuta na springi, na fundi mwenye mikono mizuri aliweza kuifungua, akaona kilicholika, akabadili. Ya leo bado ina mafuta na klachi pleti, lakini anayeamua ni kisanduku cha umeme kisichozidi ukubwa wa kitabu cha shule. Kinasoma kasi ya shafti inayoingia na inayotoka, joto la oili na dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Kisha kinafungua na kufunga solenoidi, vijikoki vya umeme vinavyopitisha mafuta kwenda kwenye klachi hii au ile. Kikipoteza fahamu hata kwa sekunde, giaboksi hujilinda: inashika gia moja na kukataa nyingine. Dereva anaona giaboksi imegoma, kumbe giaboksi inasubiri amri ambayo haiji.

Kisanduku chenyewe hakikai mahali pamoja kwenye kila gari. Kwenye Navara za toleo la D40 zenye gia tano za otomatiki, kimo ndani ya giaboksi, juu ya valvu bodi, kinaogelea kwenye oili. Silverado zenye giaboksi ya 6L80 ni hivyohivyo. Kukibadili hapo ni kumwaga oili na kushusha sampu, kwa usafi wa chumba cha upasuaji. Pikapu nyingine zinacho ndani ya kabini, nyuma ya dashibodi au pembeni mwa miguu ya abiria. Ya shemeji ilikuwa ya aina hii ya mwisho, na kumbe mahali hapo palikuwa na uhusiano mkubwa na ugonjwa wake.

Fundi aliyeitibu yuko Tabata, kijana aliyesomea umeme wa magari VETA. Jambo la kwanza alilofanya lilitaka kuharibu mazungumzo. Alitaja bei ya kupima, na akasema ataipokea hata kama hatakuta kitu.

"Yaani nikulipe kwa kuangalia tu?" shemeji akauliza.

"Mzee, umeshanunua giaboksi ambayo hukuihitaji," fundi akamjibu kwa upole. "Ile ya kwanza iko wapi?"

Ile ya kwanza ilibaki gereji, imeuzwa kama chuma. Shemeji akanyamaza, akatoa fedha.

Kazi iliyofuata ilichukua karibu saa nne, na karibu yote ilikuwa ya macho na mita. Fundi alianza na maswali. Inagoma ikiwa baridi au moto? Ikizimwa inapona? Mvua ilinyesha? Gari linaoshwa wapi? Akavuta kijiti cha oili, akaipaka kwenye kitambaa cheupe: nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua. Akapima betri, volti 12.6. Ndipo akachomeka mashine yake chini ya usukani, baada ya kurudisha kontroli boksi ya asili mahali pake. Zilitoka kodi mbili. P0700 peke yake haisemi ugonjwa, inasema tu kuwa upande wa gia una malalamiko. Ya pili ndiyo iliyomfanya akae sawasawa kwenye kiti: U0101, maana yake kompyuta nyingine za gari zimeita kontroli boksi ya gia na haikuitika.

Hapa ndipo mafundi wengi husimama na kusema nunua nyingine. Lakini anayeitwa asipoitika, si lazima awe amekufa. Pengine sauti haimfikii. Kompyuta za gari zinaongea kwa waya mbili zilizosokotwa pamoja, mfumo wa CAN ambao kampuni ya Bosch iliuzindua mwaka 1986, na kila ncha ya waya hizo ina kizuizi cha omu 120. Fundi alichomoa betri, akagusisha mita kwenye pini ya 6 na ya 14 za soketi ya kupimia. Waya zikiwa nzima, vizuizi viwili kwa pamoja lazima visome omu 60. Zilisoma 60. Njia ya mazungumzo ni nzima.

Akarudi kwenye chakula cha kontroli boksi, yaani moto na ethi. Na hapa nilijifunza kitu. Hakuridhika na mita kuonyesha volti 12. Alichukua balbu ya indiketa ya wati 21, akaiwasha kwa waya zilezile zinazolisha kontroli boksi. Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12 kamili. Balbu inavuta umeme wa kweli, na waya mbovu unaumbuka hapohapo. Balbu iliwaka nyeupe, haikufifia. Waya ni safi.

Kilichobaki ni kontroli boksi yenyewe. Alipoichomoa, akanyamaza, akaniita niangalie kwa tochi. Pini nne za chini zilikuwa na ukungu wa kijani, ule wa shaba iliyolowa na kukauka mara nyingi. Akagusa zulia la upande wa abiria, akalikamua kwa vidole. Maji. Shemeji hubeba wafanyakazi wa shamba wenye matope miguuni, na kila Jumamosi kosheo linapitisha mpira wa maji hadi ndani ya kabini. Maji yanatambaa chini ya zulia na kujikusanya pembeni, kilipo kisanduku.

Akasafisha pini kwa brashi na spiriti, gari likawaka bila kodi yoyote. Mwingine angeishia hapo na kudai malipo. Yeye aliazima drai ya nywele kwenye saluni ya jirani, akaipuliza kontroli boksi taratibu huku injini ikiunguruma. Dakika ya sita, D ikameta. Akaiacha ipoe, ikapona. Akapuliza tena, ikagoma tena. Alipofungua mfuniko tukaona kona ya sakiti ina utando mweupe, na risasi inayoshika mguu mmoja wa soketi imepasuka kwa duara, ufa mwembamba kama unywele. Joto likipanda, ufa unaachia. Ndiyo maana gari lilipona kila likipumzishwa, na ndiyo maana giaboksi ya pili haikusaidia kitu.

Ufa kama ule unaweza kuchomelewa, na wapo mafundi wa elektroniki wanaofanya kazi hiyo vizuri. Lakini maji yalikwishaingia chini ya njia za shaba, na gari linashuka Kitonga. Naungana na fundi aliyekataa kuchomelea.

Kufunga mpya kulikuwa kazi fupi kuliko kuipima ya zamani, isipokuwa hatua moja. Kontroli boksi mpya haijui imewekwa kwenye gari gani. Inahitaji kuandikiwa programu inayolingana na injini, giaboksi na namba ya chesesi. Kwenye Ford zenye giaboksi ya 6R80, hata seti ya solenoidi ina lebo ya namba zake, na ukiibadili unaziingiza namba mpya kwenye kompyuta ili ijue tabia za solenoidi zile. Fundi alifunga chaja ya nguvu kwenye betri kabla ya kuanza kuandika, kwa sababu volti zikianguka katikati ya zoezi, kifaa kipya kinaweza kufa hapohapo. Kisha akaendesha gari pole, oili ikiwa imeshapata moto, akipanda na kushuka gia zote, ili kontroli boksi ijifunze klachi zinashika wapi. Kontroli boksi ya mtumba ingekuja na masomo ya gari jingine, na vile vishindo vya gereji ya pili vilitoka huko.

Hata wanaounda magari wanajua kwamba ugonjwa wa gia hautibiwi kila mara kwa chuma. Februari 2019 Ford iliziita gereji pikapu za F-150 zipatazo milioni 1.48 huko Amerika Kaskazini, za mwaka 2011 hadi 2013, zenye gia sita. Taarifa ya kasi ya shafti ya kutokea ilikuwa ikipotea, na gari lingeweza kujishusha ghafla hadi gia ya kwanza likiwa barabarani. Tiba iliyotangazwa ilikuwa kuandika upya programu ya kompyuta inayoongoza injini na gia.

Kinachoniuma katika kisa cha shemeji ni kwamba gereji mbili za mwanzo hazikuwa na watu wabaya. Zilikuwa na watu ambao hakuna mteja amewahi kuwalipa kwa kupima. Sisi tunalipia spea na jasho la kufunga, na fundi aliyelala chini ya gari siku mbili tunamwona kafanya kazi. Aliyekaa na mita saa nne tunamwona kakaa. Kwa malipo ya namna hiyo, fundi hana njia ya kupata riziki isipokuwa abadili kitu, na asiye na mashine hataweza kuinunua kamwe. Shemeji alilipa giaboksi moja na kontroli boksi moja za bure kwa sababu mara mbili hakutaka kulipia swali.

Kwa hiyo, wewe mwenye pikapu ya otomatiki, wakati mwingine taa ikiwaka na gia zikagoma, usiulize kwanza spea ni bei gani. Uliza kupima ni bei gani, na uliza watapima nini. Mlipe fundi huyo bila manung'uniko hata akikwambia giaboksi yako ni nzima. Na Jumamosi hii ukipeleka gari kuoshwa, waambie ndani wafute kwa kitambaa.