Robo Tatu na Sehemu ya Tatu: Mchango wa Kiswahili katika Ufundishaji wa Hisabati

Mwanafunzi anayejumlisha 1/4 na 2/4 akapata 3/8 si kwamba hajui kujumlisha. Amejumlisha kila alichokiona: tarakimu za juu kwa za juu, na za chini kwa za chini. Kosa hili walimu wengi wa hisabati wanalifahamu, na aghalabu huchukuliwa kuwa ni suala la hesabu tupu. Likitazamwa kwa jicho la isimu, hata hivyo, linahusu pia namna sehemu inavyotamkwa, na hapo ndipo Kiswahili kina jambo la kuchangia.

Katika Kiswahili, idadi hufuata nomino: vitabu vitatu, machungwa mawili. Kanuni hiyohiyo hutawala majina ya sehemu: thuluthi mbili, robo tatu, thumuni tano. Robo hutajwa kwanza kama kitu, kisha huhesabiwa. Robo moja ikiongezwa robo mbili huwa robo tatu, kama vile chungwa moja likiongezwa machungwa mawili huwa machungwa matatu. Asili, yaani tarakimu ya chini, ni jina la kitu. Kiasi, yaani tarakimu ya juu, ni idadi yake. Idadi hujumlishwa, majina hayajumlishwi. Vivyo hivyo, nusu na robo haziwezi kuhesabiwa pamoja mpaka zipewe jina moja: nusu huitwa robo mbili, ndipo jumla ikawa robo tatu.

Faida hiyo hupotea sehemu inaposomwa kwa tarakimu zake tu, kama “tatu juu ya nne”. Msemo huo huonyesha mahali tarakimu zilipo kwenye karatasi, si maana yake. Nao msemo “sehemu ya tatu” una utata: waweza kuwa sehemu moja kati ya tatu zilizo sawa, au ile inayofuata sehemu ya pili, kama katika kitabu. Mwalimu asipoubainisha utata huo, mwanafunzi hubaki akikisia.

Majina yenyewe ya sehemu, yaani akisami, yana asili ya Kiarabu, na wanafunzi wengi huyaona kuwa orodha ya kukariri. Lakini jamaa zao wamo katika matumizi ya kila siku. Thuluthi ni jamaa ya thalathini, robo ya arobaini, humusi ya hamsini na Alhamisi, subui ya saba na sabini, thumuni ya themanini, tusui ya tisa na tisini, na ushuri ya ishirini. Mwanafunzi akioneshwa ukoo huo, jina la sehemu humdokezea asili yake. Tahadhari yahitajika katika thumuni: neno hilo lilizoeleka kuwa jina la sarafu ya senti hamsini, ambayo ni nusu ya shilingi, wala si moja ya nane yake.

Katika jometri, pembetatu ni neno linalojieleza lenyewe. Mraba halijielezi hivyo, lakini shina lake la Kiarabu ni lile lile la robo na arobaini. Mraba ukikatwa kwa mistari miwili inayounganisha pembe zinazokabiliana, hupatikana pembetatu nne zilizo sawa, na kila moja ni robo ya mraba.

Namba kamili nazo zina mtego wake. Kitenzi “toa” chaweza kumaanisha kupunguza au kumpa mtu kitu. Hivyo “toa hasi tatu” humtatiza anayeanza. Mfano wa deni husaidia. Mtu ana shilingi 800 mkononi na anadaiwa 300. Hali yake halisi ni 500. Deni likiondolewa, hali yake huwa 800. Ndiyo maana 500 − (−300) = 800.

Kwa bahati mbaya, hazina hii haitumiki ipasavyo. Nchini Kenya, akisami hufundishwa katika somo la Kiswahili, ilhali hisabati ya madarasa ya juu ya shule ya msingi hufundishwa kwa Kiingereza. Nchini Tanzania, shule za msingi za umma hufundisha hisabati kwa Kiswahili, kisha mwanafunzi akiingia sekondari hukutana na sehemu zilezile kwa Kiingereza. Kule neno na hesabu hufundishwa katika vipindi mbalimbali. Huku hutenganishwa katikati ya safari. Anayeumia ni yule aliyeielewa robo tatu, kisha akadhaniwa hajui kwa kuwa hakulitambua jina lake jipya.

Hapana shaka, kuunda istilahi ni kazi muhimu. Lakini istilahi haimfikii mtoto kwa kuorodheshwa katika kamusi. Humfikia pale mwalimu wa lugha na mwalimu wa hisabati wanapotambua kwamba wanafundisha neno moja.