Nyonga kupimwa kwenye kompyuta kabla ya kisu

KWA mgonjwa wa nyonga anayeishi Macaloe, mojawapo ya visiwa vya Quirimbas huko Cabo Delgado, safari ya hospitali huanza na mashua, na kupanda mashua ndiyo kazi yenyewe. Mguu haunyanyuki. Akifika bara, anapita katika wilaya zilizoumizwa na vita vilivyoanza Oktoba 2017 na kimbunga Kenneth cha Aprili 2019. Mtu huyo si rahisi kumwambia arudi tena kwa sababu kipandikizi alichowekewa si saizi yake.

Ndiyo maana upangaji wa upasuaji kwa kompyuta unamhusu yeye kuliko hata mtu wa mjini.

Kwa miaka mingi daktari amepanga kubadilisha nyonga kwa kuweka michoro ya vipandikizi juu ya picha ya eksirei. Picha hiyo ni bapa, na hukuza mfupa kwa kiasi kinachotofautiana kati ya mnene na mwembamba. Katika njia mpya, mgonjwa hupigwa CT-Scan, kisha programu huunganisha picha hizo na kujenga mfano wa nyonga yake mwenyewe, unaogeuzwa kila upande. Daktari huujaribishia kikombe na shina, akapima kama miguu italingana.

Tangu 1978 wengi wamefuata vipimo vya Lewinnek na wenzake: kikombe kiegemee nyuzi 40 na kielekee mbele nyuzi 15, kwa kuzidi au kupungua 10. Lakini kiuno hakitulii. Anayesujudu na kuketi mkekani hakunji nyonga kama mtu wa kiti cha ofisi. Mfano wa kompyuta unaweza kuwekwa katika mikao hiyo, ukaonyesha ni wapi mfupa na chuma vitagongana na nyonga kuchomoka.

Kuna pia siko seli, ugonjwa tunaoujua vizuri pwani hii. Huzuia damu kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja hadi kikafa, mara nyingi kwa vijana, na njia ya ndani ya mfupa huweza kuwa nyembamba au kuzibwa na mfupa mgumu. Daktari asiyeliona hilo mapema anaweza kuuvunja mfupa akiutoboa.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya 1996, hubadilisha nyonga. Tanzania na Msumbiji zote zimo SADC, na Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma lilifunguliwa 2010. Picha hazihitaji hata daraja: zikishapigwa, bingwa wa Dar es Salaam au Maputo anaweza kuzisoma, kipandikizi kikaagizwa, na mgonjwa akaitwa kikiwa kimeshafika.

Tusipige chuku, lakini. CT-Scan ina gharama, na mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei. Mfano huo hutabiri saizi vizuri kuliko picha bapa. Kwamba nyonga itadumu zaidi, hilo bado halijathibitishwa.

Kijana mwenye siko seli anayeumwa kinena kila akitembea aombe picha mapema. Kichwa cha paja kikishabonyea, nafasi ya kukiokoa hupungua sana.