Waya upo, intaneti hakuna

MTANGAZAJI: Juzi hapa Luzira kompyuta yetu ya Ubuntu ilikosa intaneti, na dada mmoja alitakiwa kutuma fomu ya ufadhili wa masomo kabla ya saa kumi na moja jioni.

Usikimbilie kuzima na kuwasha. Tazama kwanza taa ndogo pale waya unapochomekwa. Haiwaki? Sukuma waya mpaka usikie “ta!”, au tafuta mwingine.

Inawaka? Fungua terminali, andika ping 8.8.8.8. (Haiachi yenyewe, bonyeza Ctrl na C.) Majibu yakija lakini tovuti hazifunguki, mara nyingi tatizo ni DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Yasipokuja, kagua ruta.

Yetu taa haikuwaka: kishikizo cha plastiki kilikuwa kimevunjika. Nilishikilia waya kwa kidole, fomu ikaenda.