Mpini wa Jembe na Kitufe cha Kulia

Mwezi wa saba, Bungu huamka kwa kuchelewa. Ukungu hupanda kutoka bondeni ukatanda juu ya migomba, na hadi saa tatu asubuhi humwoni anayekusalimia ng'ambo ya njia. Unasikia sauti tu. Asubuhi moja ya namna hiyo, mwaka jana, nilikuwa barazani kwa mjomba, kompyuta mpakato juu ya meza ya kulia chakula, namchorea ramani ya nyumba ya vyumba vitatu kwa programu ya AutoCAD. Kipanya kikapata wazimu. Nikibofya kitufe cha kulia ili mstari ukome, haukomi. Inafunguka menyu ndefu. Naifunga, nabofya tena, menyu tena. Saa sita jua likatoka, vidole vikapata joto, na kipanya kikapona bila dawa.

Siku ya pili yaleyale. Nililaumu unyevu, nikakifungua kwa bisibisi na kupuliza ndani. Kumbe mkosaji alikuwa saa.

Ndani ya AutoCAD kuna saa ndogo ambayo wachoraji wengi hawajui kama ipo. Ukiiwasha, programu hupima muda ambao kidole kimekandamiza kitufe cha kulia. Ukibofya upesi, inaelewa umesema "Enter": maliza, au rudia amri iliyopita. Ukikawia, inaelewa unataka menyu. Mpaka kati ya upesi na kukawia umewekwa kiwandani kwenye milisekunde 250, yaani robo ya sekunde, na mwenye kompyuta anaweza kuusogeza kuanzia 100 hadi 10,000. (Hiyo ya mwisho ni sekunde kumi nzima. Sijui waliiweka kwa ajili ya nani.) Kompyuta yangu niliinunua mkononi mwa mtu, na huyo mtu, mchoraji mwepesi wa Dar es Salaam ambako baridi ni hadithi, alikuwa ameuvuta hadi 150.

Kubofya kwa kawaida huchukua kama milisekunde 100. Nilibakiwa na akiba ya milisekunde 50, na baridi ya Bungu ikaila.

Iliilaje? Bungu ni kata ya Wilaya ya Korogwe, lakini ukisema Korogwe watu hufikiria mji ule wa joto ulio kando ya barabara ya Tanga na Moshi, mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari. Bungu iko juu, kwenye Usambara Magharibi, na hewa inayopanda mlima hupoteza nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Ongeza kipupwe, ongeza ukungu, ongeza mtu ambaye hakuwasha jiko. Damu hukimbilia kifuani kulinda moyo, vidole vinaachwa vijitegemee.

Maelezo ya haraka ni kwamba baridi hupunguza kasi ya neva. Ni kweli: ishara husafiri kwenye neva za mkono kwa mita 50 hadi 60 kwa sekunde, na kila mkono unapopoa kwa nyuzi moja kasi hiyo hupungua karibu mita 2 kwa sekunde. Lakini piga hesabu. Kutoka kwenye ubongo hadi ncha ya kidole ni kama mita moja, kwa hiyo hasara ni milisekunde chache. Tena ishara ya kukandamiza inachelewa, na ishara ya kuachia inachelewa vilevile; tofauti kati yao inabaki ileile. Mwizi si neva.

Mwizi ni msuli. Ili msuli ukaze, madini ya kalisi humwagwa ndani ya seli zake, na ili ulegee lazima yote yasukumwe kurudi ghalani na pampu ndogo za protini. Kumwaga ni rahisi. Kusukuma ni kazi ya kikemia, na kazi za kikemia hupungua kasi zikipoa. Ndiyo maana mkono wa baridi hukaza bila shida sana ila huchelewa kulegea. Aliyewahi kushika kamba ya mbuzi alfajiri anajua vidole vinavyokataa kufunguka. Kwa upande mwingine ngozi imekufa ganzi, haisikii kitufe kilivyoitika, basi mtu anakandamiza zaidi ili ahakikishe. Hapo milisekunde 50 zinakwenda.

Dawa yake ilichukua dakika moja. Nilifungua dirisha la mipangilio, sehemu ya mapendeleo ya mtumiaji, kwenye kibonye cha kurekebisha bofyo la kulia, nikaandika 400. Kipanya kikatulia, na mimi nikabaki na hasira ya miaka mingi niliyokuwa nachora kwa mkono wa mtu mwingine.

Ukienda dukani kununua jembe, unauziwa chuma. Hakuna anayeuliza mpini uko wapi. Unakwenda nalo nyumbani, unatafuta mti, unaukata kwa urefu wako na kwa mteremko wa shamba lako. Anayelima mlimani hashiki mpini sawa na anayelima tambarare. Programu ya kompyuta huja na mpini tayari, na kwa sababu imekuja nao tunadhani umepigwa misumari. Haujapigwa. Umechomekwa tu.

Hata umbo la kipanya lenyewe halikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1963, Ivan Sutherland, mwanafunzi wa MIT nchini Marekani, alionyesha programu ya Sketchpad, mzazi wa programu zote za kuchorea, na alichora kwa kalamu ya mwanga akiielekeza kwenye kioo, kipanya hakikuwepo. Mwaka 1964, katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, Bill English alimtengenezea Douglas Engelbart kijisanduku cha mti chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Kilipoonyeshwa hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, vitufe vilikuwa vimefika vitatu. Vingapi vinatosha, na kila kimoja kifanye nini, ni ugomvi ambao haujaisha hadi leo. Wachoraji wa zamani wa AutoCAD walitumia ubao maalumu wa kuchorea, wenye kifaa cha mkononi ambacho vitufe vyake viliweza kufika 16.

Kitufe cha kulia kina historia yake ya mapinduzi. Hadi toleo la 14, la mwaka 1997, kilikuwa Enter na basi. Toleo la 2000, lililotoka 1999, likakigeuza kuwa mlango wa menyu, na wakongwe wakakasirika. Kampuni ikawaachia njia ya kurudi: andika SHORTCUTMENU kisha 0, na kitufe kinarudi kama zamani. Ile saa ya milisekunde ni suluhu iliyokuja baadaye, kitufe kimoja kuhudumia mabwana wawili. Si kila programu imefuata mkondo huo: katika LibreCAD, ambayo ni ya bure, bofyo la kulia hukurudisha nyuma hatua moja, na anayetoka AutoCAD hujikuta anafuta subira yake mwenyewe.

Kwa nini watu wagombane kwa jambo dogo hivi? Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani Paul Fitts alipima muda ambao mkono hutumia kufikia shabaha. Aligundua kwamba muda huongezeka kadiri shabaha inavyokuwa mbali na kadiri inavyokuwa nyembamba, kwa kanuni ya logi inayotabirika. Mwaka 1978 watafiti wa Xerox wakaonyesha kwamba kipanya nacho kinatii. Alama ndogo iliyo juu kabisa ya kioo iko mbali na ni nyembamba. Menyu inayofunguka palepale kishale kilipo haina safari. Na Enter ya kitufe cha kulia haina hata shabaha ya kutafuta. Mchoro mmoja wa nyumba una mamia ya mistari, na kila mmoja lazima ukomeshwe. Mchana mzima wa nusu sekunde si kitu kidogo.

Nilipoanza kugusa mpini sikuweza kuacha. Viwanja vya Bungu havijali kaskazini iko wapi. Nyumba hukaa kwa kufuata mlima, kwenye uwanja uliochongwa, mgongo ukiangalia ukuta wa udongo na uso ukiangalia bonde. Nikichora kwa kishale kilichosimama wima kama mlingoti, kila ukuta wangu unakwenda upande. SNAPANG hukizungusha kishale: nilisoma pembe ya ukingo wa uwanja, ikawa nyuzi 23, nikaandika 23, na kishale chote kikalala sambamba na mlima huku kaskazini ikibaki juu ya karatasi. Kisha CURSORSIZE kutoka 5 hadi 100, mikono ya kishale ikatanda kioo kizima kama rula ya T kwenye ubao wa shule ya ufundi.

Lililonipendeza zaidi ni lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. AutoCAD imetusahau. Lakini tangu AutoCAD 2006 kuna kihariri cha menyu, cha amri CUI, na humo jina la amri ni lako kuliandika. Kinachofanya kazi ni maneno machache yaliyofichwa nyuma yake. Kwa ukuta nyuma yake kuna ^C^C_mline. Ile ^C ni sawa na kusema "acha unachofanya", na inasemwa mara mbili kwa sababu amri nyingine zimejificha ndani ya nyingine. Kistari cha chini kinaiambia programu kwamba neno linalofuata ni la Kiingereza, hata kama imewekwa kwa Kijerumani ambako mstari ni LINIE. Nukta mkato ni Enter. Mkwaju wa nyuma ni "ngoja mwenyewe abofye". Kwa alama hizo nne nikatengeneza Ukuta, Mlango, Dirisha, Ngazi, nikazipanga juu kabisa ya menyu ya bofyo la kulia, ile inayofunguka kidole kikikawia.

Nilifanya hivyo kwa starehe zangu, sikutegemea mtu mwingine azione. Siku ya tatu mjomba akaja na kikombe cha chai, akasimama nyuma yangu.

"Mpwa, mlango wa jikoni uko wapi?"

"Upande wa kulia, mjomba."

"Nilisema uelekee bandani."

Alikuwa amesema, tena mara mbili. Nikamwachia kiti aonyeshe anapotaka. Akashika kipanya kama anavyoshika nyundo, akakandamiza kitufe cha kulia kwa kidole cha mtu aliyelima miaka arobaini, na hakukiachia upesi. Menyu ikafunguka. Akaisoma kwa sauti, polepole, Ukuta, Mlango, akabofya Mlango, akaenda nao hadi ukuta unaotazama banda la ng'ombe, akauweka. Ukakaa sawasawa na mlima.

"Na dirisha?" akauliza, kidole kikiwa kimeshakandamiza tena.