Gemu tamu ni ile inayokufunga kwa kosa lako

LAELA ni mji wa mahindi na malori. Upo kwenye lami ya kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa, na ukipita pale jioni ya Juni au Julai utakuta watu wamejifunga makoti kama wako Njombe. Baridi ya namna hiyo inawatoa madogo uwanjani mapema. Wakiacha mpira wa vumbi wanaingia kwenye mpira wa pedi: chumba kimoja, televisheni, benchi, PlayStation iliyotumika, na kundi la watu waliosimama nyuma ya wachezaji wawili wakitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Vibanda vya gemu vya aina hiyo vimejaa kwenye miji midogo nchini. Cha ajabu ni kwamba mashine za zamani bado zina wateja. PS2 ilitoka Japan mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na Sony wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. FIFA ya mwisho kutengenezwa kwa ajili yake ilikuwa FIFA 14. Ukiitazama leo, picha ina ukungu na mashabiki wa jukwaani wanafanana kama karatasi zilizokatwa kwa mkasi mmoja. Lakini mtu anatoa hela, anafungwa, anatoa nyingine. Kwa nini?

Wazee wa drafti wanalijua jibu siku nyingi. Drafti inachezwa kwa vizibo vya soda kwenye ubao uliochorwa kwa mkono, na hakuna kilichofichwa. Ukiliwa kete tatu umeziona zikiondoka, na umeona ni wapi ulizubaa. Aliyefungwa anapisha, anayefuata anakaa. Ndiyo maana aliyefungwa hagombani na ubao. Anaulaumu mkono wake, kisha anapanga foleni upya.

Gemu nzuri ya mpira inafanya hivyo hivyo. Chukua kitu kidogo tu, kile kistari cha nguvu kinachojaa ukibonyeza shuti. Bonyeza kidogo, kipa anaudaka mpira kama anapokea mtoto. Shikilia mno, unapaa juu ya mtambaa panya. Katikati ndipo wavu unapotikisika, na hiyo katikati haikai sehemu moja: inategemea uko umbali gani, mwili wa mchezaji umegeukia wapi, beki amekugusa au bado. Hakuna mtu anayekaa akafundishwa hayo. Vidole vinajifunza vyenyewe baada ya mipira mingi kwenda angani, na siku dogo anapofunga kutoka nje ya 18 kwa kukusudia, kibanda kizima kinajua kwamba hakubahatisha.

Vidole hivyo hivyo vina ukaidi wake. Kwenye PES, mraba ndiyo shuti na duara ndiyo krosi. Kwenye FIFA mambo yamegeuzwa. Mtoto aliyelelewa na PES akikabidhiwa FIFA, anabaki yeye na kipa, anabonyeza mraba kwa furaha, na straika wake anapiga krosi isiyo na mwenyewe. Benchi linalipuka kwa kicheko. Na hiki wabunifu wa gemu za mpira walikipata bila makelele: watu wawili begani kwa begani mbele ya kioo kimoja, na watazamaji wanaoelewa kila kitu kwa sababu sheria ni zile za uwanjani. Hata asiyewahi kushika pedi anajua nani kazubaa.

Bahati je? Mpira usio na bahati si mpira, na gemu isiyo nayo inageuka hesabu. Swali ni bahati hiyo inakaa wapi. Hapa Konami, chini ya Shingo Takatsuka ambaye mashabiki walimzoea kwa jina la Seabass, walifanya kitu cha akili sana kwenye PES. Kabla ya mechi, kila mchezaji anapewa mshale. Mwekundu wa kwenda juu, mtu wako kaamka vizuri. Ukiangalia chini, staa wako leo hoi. Hukuuchagua mshale huo, lakini umeuona kabla ya filimbi, na una benchi. Utamwanzisha jina kubwa mwenye siku mbaya, au kijana asiyejulikana ambaye damu inachemka? Umekuwa kocha. Ukikosea, umekosea wewe.

Linganisha na lawama za gemu za miaka hii, kwamba kuna mkono uliofichwa unaomsaidia anayefungwa: mipira inagonga mwamba, beki anajikwaa, bao la dakika ya 90 linatoka hewani. EA wamekana mara nyingi. Tuseme wanasema kweli. Bado kuna tatizo, kwa sababu mchezaji akifungwa na asione kwa nini amefungwa, atamtafuta mchawi. Kwenye drafti hakuna anayemtafuta mchawi.

Si kwamba gemu za zamani zilikuwa na usawa wa malaika. Kwenye PES 6 ya mwaka 2006, Adriano wa Inter alikuwa na nguvu ya shuti 99, yaani juu yake hakuna namba. Ukimpa mpira na nusu hatua ya nafasi, kipa alikuwa mtazamaji mwenzako. Dawa yake haikutoka Japan. Ilitoka kwenye mabenchi: Inter hairuhusiwi, au wote wawili wachukue Inter. Gemu inayochezwa ana kwa ana inawaachia wachezaji nafasi ya kutunga sheria zao, na hiyo nayo ni sehemu ya utamu, mabishano yakiwemo. (Umeme ukikatika dakika ya 88, moja bila, mshindi ni nani? Vijiwe vimegombana kwa hilo kuliko kwa penalti yoyote ya Ligi Kuu.)

Wapo wanaodhani mvuto ni majina na sura. Historia inawakatalia. Kwa miaka mingi PES haikuwa na haki za klabu nyingi za England, na Liverpool iliitwa Merseyside Red. Shabiki wa Liverpool alicheza na Merseyside Red na kushangilia kama yuko Anfield. EA walipoachana na jina la FIFA, mwaka 2023 wakatoa EA Sports FC 24, na watu wakaendelea kucheza.

Upande wa pili, Septemba 30, 2021, Konami waliizika PES na kuleta eFootball. Bure kabisa! Ilikuja na klabu tisa tu, zikiwemo Barcelona na Manchester United, na wachezaji wenye sura za kutisha, miguu ikipishana na mpira. Ndani ya siku moja ilikuwa imeshika mkia kwa maoni ya wachezaji kwenye duka la Steam, na Konami wakaomba radhi. Bure haikusaidia. Mtu aliyeonja gemu inayotii vidole vyake hapokei inayomkatalia, hata aipewe zawadi.

Linaloumiza zaidi liko kwenye pochi. Gemu kubwa za mpira leo zinauza pakiti: unalipa hela ya kweli, unafungua, hujui utapata Mbappe au beki wa akiba. Ubelgiji ilikaa ikaangalia jambo hilo mwaka 2018, ikasema hii ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuwauzia Wabelgiji pointi za kununulia pakiti. Ndiyo msimu ule ule Mbwana Samatta alikuwa anafunga huko huko Ubelgiji na Genk wakabeba ubingwa.

Kwa kijana wa Laela hili si jambo la Ulaya. Mashine ya dubwi anaijua, ile inayomeza sarafu huku taa zikizunguka. Sheria inasema wa chini ya miaka 18 asiiguse, lakini macho hayana umri. Sarafu ile ile aliyonayo mkononi inaweza kwenda kwenye pedi au kwenye dubwi, na tofauti ya hivyo viwili ni ya muundo. Akicheza dubwi mara mia, ya mia na moja anaijua kama alivyoijua ya kwanza. Akicheza pedi mara mia, amekuwa mtu mwingine: anajua kumtoa beki, kungoja kipa asogee, kupooza mpira akiongoza. Pakiti zimechukua ufundi wa dubwi na kuuingiza ndani ya pedi. Wabunifu wake wana akili nyingi, tena sana, ila akili hiyo inamlenga mlipaji badala ya mchezaji.

Madogo wamepata njia yao ya kukwepa. Kwenye simu wanacheza Dream League Soccer ya First Touch Games ya Uingereza, ambayo haikuombi bando kila mechi na inakuruhusu kuingiza jezi yako mwenyewe. Mashabiki wanachora za Simba na Yanga na kurushiana. Kwenye PES za zamani wanakwenda mbali zaidi: wanatengeneza timu nzima ya Bongo, mchezaji mmoja mmoja, na kumpa kila mtu namba zake za kasi, shuti na pumzi.

Hapo ndipo vita inapoanza. Wana Rukwa hawajasahau Oktoba 2020, Tanzania Prisons walipokuwa wakitumia Uwanja wa Nelson Mandela pale Sumbawanga na kumchapa Simba bao 1-0, mfungaji Samson Mbangula. Sasa tengeneza hiyo Prisons kwenye gemu. Mbangula anapewa ngapi? Shabiki wa Simba anasema 68. Wa Yanga anasema 99, sawa na Adriano, na pedi haiachii.